Mwambie Unampeleka Wapi

Hapa Tanga, karibu kila baraza utakayokaa ina habari ya mtu aliyerukwa na akili, na kila habari ina sehemu ya jinsi mgonjwa alivyofikishwa hospitali. "Tukamwambia twende Muheza, kuna harusi." "Tukamwambia kuna kibarua bandarini, msimamizi anamsubiri." "Tukamtilia dawa ya usingizi kwenye chai, alipozidiwa tukampakia." Wanaosimulia husimulia kwa majonzi, na wengine kwa fahari ya mtu aliyepata ujanja pale mambo yote yaliposhindikana. Nawaelewa. Mtu akiwa hajalala usiku wa tatu, anazungumza na ukuta, hali chakula cha dada yake kwa kuamini kina sumu, utafanya lolote ili afike mbele ya daktari.

Naandika makala haya kuwaomba wenzangu tuuache ujanja huo. Ugonjwa huu nimeishi nao ndani ya nyumba moja kwa miaka, kwa mtoto wa mama mdogo ambaye tumelelewa pamoja na ambaye kwangu ni mdogo wangu kabisa. Nilichokishika kwa miaka hiyo ni kwamba mgonjwa wa namna hii anahitaji dawa, anahitaji usingizi na anahitaji chakula, lakini vyote hivyo vinamfikia kupitia mkono wa mtu anayemwamini. Uongo mmoja, hata wa nia njema, unaweza kuukata mkono huo.

Hali yenyewe madaktari wanaiita saikosisi. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini kwa uhakika wote mambo ambayo hayapo, maneno yake hupoteza mpangilio, na yeye mwenyewe mara nyingi haoni kama anaumwa. Saikosisi ni kama homa: ni dalili, na dalili hiyo ina sababu nyingi. Inaweza kuletwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo, Virusi vya UKIMWI, kaswende iliyofika kwenye ubongo, au kifafa. Inaweza kuletwa na bangi au mirungi, au na pombe, hasa mnywaji wa siku nyingi anapoacha ghafla. Kati ya wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili huipata, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, na huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, yeye na mtoto wake. Inaweza kuja na sonona kali au baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Na inaweza kuwa skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria uko kwa watu zaidi ya milioni 20, yaani takriban mtu mmoja katika kila 300 duniani. Piga hesabu ya watu wa mtaa wako, utaona kwamba nyumba yenu haikuchaguliwa kwa laana.

Mdogo wangu alikuwa fundi simu. Alikuwa na meza yake jirani na soko la Ngamiani, mikono myepesi, wateja wakimfuata hata kutoka Pongwe. Ugonjwa ulimpata katika umri ambao huwapata wengi, mwanzo wa miaka ya ishirini. Wanaume huwahi kidogo kuliko wanawake. Haukuja kwa kishindo. Kwa miezi alikuwa anajitenga. Aliacha kwenda uwanja wa mpira wa Mkwakwani, yeye ambaye Coastal Union ikicheza hakuna wa kumtuma kazi. Usiku wake ukawa mchana. Aliyesema mapenzi alisema, aliyesema vijiwe alisema. Kisha akaanza kuwarudishia watu simu zao bila kuzitengeneza, kila moja imeviringishwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Alikuwa na maelezo: simu zinachukua mawazo yake na kuyapeleka kwenye mnara, na mnarani kuna watu wanamjua. Mwisho alizifukia uani, chini ya mwarobaini, simu za wateja, na wateja wakaja mlangoni wakidai.

Nyumba ilijaa watu. Mjomba alifukua simu moja, akaiwasha mbele ya macho yake, akamwambia, "Haya, tuoneshe hao watu wako wapi!" Mdogo wangu alirudi nyuma hadi ukutani. Simu ilikuwa inawaka, na kwake yeye kuwaka kwake ndiko kulikokuwa hatari yenyewe.

Mama mdogo aliomba watu watoke. Akazima redio. Akaketi kwenye mkeka kando yake, si mbele yake, na akaacha njia ya mlangoni wazi. Nilikuwa dirishani, nikasikia.

"Mama, huwasikii?"

"Siwasikii, baba. Wewe unawasikia?"

"Wanasema wananijua. Wanasema nitaona."

"Mimi sisikii kitu. Lakini nakuona umeogopa, na hofu hiyo si ya mchezo. Umelala lini mara ya mwisho?"

Hakujibu kwa muda. Kisha akasema hakumbuki.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi, kwa sababu mama mdogo hakusomea uuguzi wala ualimu, na alifanya jambo ambalo wengi wetu tunalikosa. Kuna njia mbili ambazo watu huziendea haraka. Ya kwanza ni kubisha: hakuna mnara, hakuna watu, acha upuuzi. Kubisha hakufui dafu, kwa sababu imani hiyo haikuingia kwa hoja na haitatoka kwa hoja. Picha za ubongo zimeonesha kwamba mtu anaposikia sauti hizi, sehemu za ubongo zinazohusika na usemi na usikivu zinafanya kazi kweli. Hajifanyi. Ukimwambia hasikii, unamwambia masikio yake ni ya uongo, na kati ya masikio yake na wewe, atayaamini masikio yake.

Njia ya pili ni kukubali kila kitu: "Ndiyo, hao watu nimewaona, nitawafukuza." Inatuliza kwa saa moja. Kesho atakuuliza walikuwa wangapi na walivaa nini, na utalazimika kuongeza uongo juu ya uongo. Mbaya zaidi, umekuwa shahidi wa ugonjwa wake. Atakapopona kidogo na kuanza kujiuliza kama yale yalikuwa kweli, atakumbuka kwamba hata mama yake aliwaona.

Mama mdogo hakubisha na hakukubali. Alisema lake kwa ukweli, akaliacha la mwanawe libaki lake, kisha akashika kitu ambacho wote wawili walikiona: hofu, kukosa usingizi, mwili uliokonda. Hapo palikuwa na mahali pa kusimama pamoja.

Mengine ya jioni ile yalikuwa madogo, lakini hayo madogo ndiyo yaliyoibeba siku. Mtu mmoja alizungumza, wengine wakanyamaza. Sentensi fupi, swali moja kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemshika bila kumwambia. Watoto walipelekwa kwa jirani. Na hakuna aliyenong'ona pembeni wala kutoka nje kupiga simu kumzungumzia, kwa sababu mtu anayeamini kwamba watu wanamsema, halafu akakuta kweli watu wanamsema, mtamlaumu kwa lipi?

Suala la chakula lilikuwa gumu. Alikuwa amekataa kula kwa siku nyingi kwa kuogopa sumu. Mama mdogo hakumlazimisha na hakumwapia kwamba chakula ni salama. Aliagiza wali na mbaazi uwekwe kwenye sinia moja kubwa, tule wote kama tunavyokula siku za sikukuu, akamwambia achague upande wa kukaa. Alitutazama tukila. Kisha akaanza kula, kutoka upande wangu. Desturi yetu ya sinia ilimsemesha kwa namna ambayo kiapo kisingeweza.

Usiku, mama mdogo alimwambia: "Kesho asubuhi nataka twende Bombo, kwa daktari. Sikupeleki kwa sababu ya simu. Nakupeleka kwa sababu hulali na unakonda. Nitakaa nawe, sitakuacha mlangoni."

Akakataa. Hakugombezwa. Alfajiri, baada ya sala, akaulizwa tena, akakataa. Saa mbili akaulizwa tena. Safari hii alisema atakwenda iwapo hakuna mtu atakayebeba simu. Kwa hiyo tulikwenda hospitali ya rufaa ya mkoa bila hata simu moja, tukiwa watatu kwenye bajaji, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze alikuwa ameingia mahali kwa miguu yake mwenyewe, akijua anakokwenda. Kuacha simu mezani kulitugharimu usumbufu kidogo tu. Kwake yeye lilikuwa sharti lake limesikilizwa.

Najua si kila mgonjwa atakubali mara ya tatu. Wengine huchukua wiki. Ninachosema ni kwamba ombi la kweli linaweza kurudiwa kesho, na uongo ukishagundulika haurudiwi. Kijana aliyeambiwa anakwenda harusini akajikuta wodini amejifunza mambo mawili: kwamba hospitali ni mtego, na kwamba watu wa kwao kweli walikuwa na njama juu yake. Miezi sita baadaye, akianza tena kusikia sauti, atamwambia nani?

Ukienda na mgonjwa, nenda na maelezo yaliyopangika, kwa sababu daktari ana muda mfupi na mgonjwa huenda asiseme kitu. Mambo yalianza lini, ghafla au polepole. Analala saa ngapi. Anatumia nini: bangi, pombe, mirungi, dawa zozote za hospitali au za miti. Amewahi kuanguka kifafa, kuumia kichwa. Yuko nani katika ukoo aliyewahi kuugua hivi. Na kubwa kuliko yote: je, ana homa? Akili ikichafuka ghafla kwa siku moja au mbili, mtu hajui yuko wapi wala leo ni siku gani, fahamu zinakuja na kuondoka, mwili unachemka, anaona vitu vinavyotembea ukutani, basi huo ni mwili unaoumwa na ubongo umo ndani yake. Hapo usisubiri mtu wa kumsomea dua wala kliniki ya wiki ijayo. Ni dharura, kipimo cha malaria na vingine vifanyike mara moja. Kuna watu kwenye pwani hii wamezikwa huku wakisemwa wamekufa kwa jini, na ilikuwa malaria ya ubongo. Hili linaniuma kila ninapolifikiria.

Vipimo vya mdogo wangu vilikuwa safi. Alianzishiwa dawa.

Dawa za kwanza za ugonjwa huu zilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na zile za kizazi hicho, klopromazini na haloperidoli, bado ndizo zinazopatikana kwa wepesi katika hospitali zetu, pamoja na sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa kwa asiyeweza kumeza vidonge kila siku. Zinafanya kazi, na zina maudhi. Mdomo hukauka au mate hutoka, mikono hutetemeka, mtu husinzia, wengine hushindwa kutulia wakawa wanatembea huku na huku. Olanzapini na risperidoni, za kizazi cha baadaye, zina maudhi yake mengine, hasa unene na sukari.

Liko moja ambalo lazima nilizungumzie kwa kirefu, maana limevunja matibabu ya watu wengi huku kwetu. Siku za mwanzo za dawa kama haloperidoli, hasa kwa vijana wa kiume, misuli inaweza kukaza ghafla. Shingo inapinda, ulimi unakuwa mzito, macho yanageuka juu na kubaki huko. Kwa nyumba iliyokwisha kuambiwa kwamba ni jini, picha hiyo ni ushahidi tosha: limekasirika, dawa za kizungu zimelichokoza. Vidonge vinatupwa chooni siku hiyo na mgonjwa hapelekwi tena. Kumbe ni athari ya dawa inayojulikana tangu zamani, na ina dawa zake, kama benzheksoli ya vidonge, au nyingine za sindano zinazoilegeza haraka zaidi. Kisha daktari hupunguza dozi au hubadilisha dawa.

Daktari wetu alilisema hilo kabla. Alimwambia mdogo wangu mwenyewe, si sisi: "Kijana, dawa hii inaweza kukukaza shingo siku za mwanzo. Inatisha lakini inatibika. Ikitokea, njoo hata usiku wa manane." Ilitokea usiku. Yeye ndiye aliyetuamsha, akielekeza shingoni kwa kidole kwa sababu ulimi ulikuwa hautamki. Aliambiwa kweli kabla, na kweli hiyo ilipotimia akaamini kwamba daktari anajua anachofanya. Naona siku ile ndiyo iliyomfunga na matibabu kuliko siku nyingine yoyote.

Sasa mfikirie mwenzake anayetiliwa vidonge kwenye uji. Huyu anaogopa sumu. Mnamwambia hakuna kitu kwenye uji, na kitu kimo. Siku atakapokiona kidonge hakijayeyuka chini ya kikombe, ugonjwa wake utakuwa umepata shahidi, na shahidi huyo ni ninyi. Nimewaona akina mama waliofika hapo kwa kuchoka, na sina neno kali kwao. Nawaomba tu warudi kliniki waseme wazi kwamba mgonjwa hamezi. Kuna sindano, kuna kubadilisha dawa, kuna kupunguza maudhi yanayomkimbiza. Na waulize dawati la ustawi wa jamii kuhusu msamaha wa gharama, kwa sababu safari nyingi za kliniki hukatika kwa nauli na kwa dawa zilizokosekana dirishani ikabidi zinunuliwe mtaani.

Nije kwa waganga na walimu wa dini, maana hakuna familia ya Tanga itakayonisikiliza nikiruka hapo. Mama mdogo alimwita mwalimu akamsomea mwanawe. Kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji, liliandikwa, akanywa. Mimi sikuona ubaya, na sasa naona kulikuwa na faida: kijana alikaa katikati ya jamaa zake, wakamwombea, hakuna aliyemkimbia. Mtafiti wa Kimarekani Juli McGruder, aliyekaa na familia za wagonjwa wa skizofrenia Unguja, alieleza jambo hilohilo kutoka kwa wenzetu wa ng'ambo ile: wanaoamini kwamba majini humwingia mtu na kumtoka hawamhesabu mgonjwa kuwa ameharibika tabia, na akitulia humpokea bila kumwekea kinyongo. Hiyo ni mali ya utamaduni wetu, tusiitupe.

Yasiyokubalika nayasema bila kupindisha. Kupiga. Kufunga minyororo au kamba. Kufukiza mtu hadi akose pumzi. Kumnyima chakula na maji. Kumwambia aache vidonge ili kombe lifanye kazi. Mwalimu wetu alisema kinyume chake: kisomo ni kisomo na dawa ni dawa, endeleeni na hospitali. Ukimpata wa namna hiyo mshike. Anayekutaka uchague kati yake na daktari, muage kwa heshima uondoke. Na asije mtu akasema hospitali za akili ni mambo mageni kwetu. Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Ndani ya mkoa huu huduma hiyo imepita miaka mia moja.

Kuna saa ambayo kuomba hakutoshi. Mtu ameshika panga. Sauti zinamwamuru ajirushe au amdhuru mtu. Ameacha kunywa hata maji. Watu wengi wenye saikosisi hawamdhuru yeyote, na wao ndio wanaodhuriwa zaidi, lakini hatari ikiwapo ni ya kweli, na kujiua ni sehemu kubwa ya hatari hiyo. Muulize waziwazi: je, sauti zinakuambia ujiue? Swali hilo halimpi wazo. Linampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vya kudhuru viondolewe, aende hospitali wakati huohuo.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mgonjwa apelekwe na kulazwa bila ridhaa yake pale inapobidi, na polisi wana wajibu wao humo. Ikifika huko, tafuta watu wachache wenye nguvu na utulivu, wasio na hasira naye. Umati wa mtaa usikaribie, maana umati huanza kwa kusaidia ukaishia kwa kupiga. Na hata hapo, hata mikono yake ikiwa imeshikwa, mwambie: "Tunakushika kwa sababu unataka kujiumiza. Tunakupeleka hospitali. Niko hapa, nakwenda nawe." Atapiga kelele, atakulaani. Akipata nafuu atakumbuka nani alimwambia nini. Wanakumbuka zaidi ya tunavyodhani.

Baada ya sauti kunyamaza, inakuja sehemu ndefu ambayo hakuna anayeisimulia barazani. Mdogo wangu alirudi nyumbani mtulivu, akalala sana, akakaa saa nzima akitazama ua. Hakuzungumza ila kuulizwa. Majirani wakasema amepona sasa ni mvivu. Huo ni ugonjwa bado. Ari ya mtu hurudi nyuma kabisa ya akili, na mtu anayeitwa mvivu kila asubuhi huirudisha polepole zaidi. Huko London, tangu miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali wakakuta kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye lawama na ukali walirudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wengine. Tafiti za baadaye katika nchi nyingi zimelithibitisha. Kwa hiyo sauti ya chini nyumbani ni sehemu ya dozi.

Kazi ya simu hakuirudia. Alisema mwenyewe hataki kukaa karibu na vitu vinavyopokea mawimbi, na hakuna aliyembembeleza abadili mawazo. Alijifunza kutengeneza baiskeli, na Tanga hii ya baiskeli haikumnyima wateja. Mwezi wa Ramadhani ulitutia wasiwasi kwa sababu ya dawa na ya usingizi unaokatwa na daku. Daktari akampangia vidonge vya usiku baada ya futari, na mwaka ambao hali haikuwa nzuri alikula mchana bila lawama, kwani mgonjwa ana ruhusa. Mama mdogo naye alihitaji kupumzishwa. Dada zangu walipeana zamu, akaenda kwao Pangani kulala usingizi wa mtu asiyesikiliza hatua za mwingine usiku.

Kuna kipindi alijiona mzima akaacha dawa. Wengi hufanya hivyo, na ugonjwa ukarudi. Alipotulia tena, mama mdogo alimwomba aseme yeye mwenyewe anataka tumfanyie nini siku ikitokea tena, angali na akili timamu. Aliandika kwa mkono wake, na karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Nikikosa usingizi usiku wa pili, niulizeni. Nikianza kuviringisha simu, aambiwe mama, mjomba asiitwe. Nikikataa hospitali, niombwe tena kesho. Nikishika kitu cha kuumiza, mnishike, lakini mniambie mnanipeleka wapi. Msimwite mtu wa kunifunga. Mtu alishe kuku wangu.

Mwaka jana, katika msimu wa vuli, alikuja jikoni asubuhi akamwambia mama yake kwamba ni usiku wa pili hajalala na kwamba kuna mtu anamwita jina kutoka bombani. Mama mdogo alifunika sufuria, akavaa baibui, wakaenda kliniki pamoja. Daktari aliongeza dozi kidogo na kumtaka arudi baada ya wiki mbili. Kuku walilishwa na mjomba.